Kwa Dobrawa, Anayerithi Kiti

Kiti kinalia upande wa kushoto, usikitengeneze.
Ukiegemea kikalia, ujue umechoka; nenda nyumbani.
Funguo ziko kwa bawabu. Dirisha la kaskazini halifungiki,
na jengo hili, lililokuwa kiwanda cha pamba,
bado linatoa vumbi jeupe kila tuwashapo hita.
Łódź, jina la mji wetu, maana yake mashua,
na bahari hauijui.
Basi usishangae kwamba humu tuliuza kuonekana,
bidhaa ambayo hakuna aliyewahi kuishika.

Mteja wa kwanza alikuwa Wacław Pietrusiak, muuza vifungo.
Duka mtandaoni, aina elfu nne, kila kimoja na namba yake:
sifuri nne moja saba. Sifuri nne moja nane.
Nikamwuliza, nani atatafuta namba?
Akanijibu, kizuri chajiuza.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikamcheka.
Kizuri kilicho ukurasa wa pili, mzee,
kimeshazikwa, tena kwa sanda safi.

Majira ya baridi mazima tulikaa tukivibatiza:
cha pembe, cha koti la mvua, cha kitoto, chenye nanga.
Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.
Wahenga hawakuwa na simu mkononi.
Wa leo huchoka kwa sekunde tatu;
picha ikisuasua kufunguka
keshahamia kwa jirani.

Sasa la Halszka, maana hutalikuta kwenye mafaili.
Aliuza magodoro. Yeye ana haraka, mimi nina deni.
Nikanunua viungo, mia tatu kwa mkupuo,
kwa mtu ambaye hadi leo siijui sura yake.
Viungo vya kununua hukoleza mchuzi kwa usiku mmoja:
wiki ya tatu tulikuwa wa pili kutoka juu, tukafungua chupa.
Machi, mtambo wa kutafuta ukabadilisha ulimi.
Tukaonjwa, tukatemwa. Ukurasa wa nane.
Kibaya chajitembeza, husemwa;
hiki nilikitembeza mwenyewe, kwa mkono.
Wafungaji mizigo wawili wakaachishwa kazi.
Mmoja, Tymon, alizoea kutupungia kila tupitapo.
Sikulala mwezi ule, juu ya godoro alilonizawadia Halszka.
Godoro lilikuwa zuri sana.

Na umati usiuabudu.
Kwa Bogna, muuza mishumaa ya makaburini, tuliandika
namna ya kutoa nta kwenye kitambaa cha meza.
Wakaja watu elfu kumi na mbili. Grafu ikapanda
kama ngazi ya zimamoto.
Wakasoma, wakatoa nta yao, wakaenda zao.
Mishumaa iliyouzwa: saba.
Bogna hakututukana. Alituletea masanduku mawili ya iliyobaki,
ikatufaa umeme ulipokatika.

Watakupigia usiku. Mbona sijioni? watauliza,
na wewe utadhani wanasema habari za duka.
Jibu la kweli, mara nyingi, ni sijui.
Lilinichukua miaka sita kulitamka
bila kulifunika asilimia.

La mwisho, halafu nashuka ngazi.
Mwezi uliopita, kwenye ripoti ya Pietrusiak,
chini kabisa, asikosoma mtu,
mmoja alitafuta mara tatu usiku uleule:
kifungo cha nanga koti la baba
kifungo cha nanga cha zamani
kifungo kimoja tu cha nanga

Akanunua kimoja. Zloti mbili; stempu iliizidi bei.
Pietrusiak akatia viwili kwenye bahasha.
Nilimpigia kumwuliza kwa nini.
Alisema, kitapotea tena.

Hilo halina safu kwenye jedwali.
Nimeliandika kwa penseli nyuma ya mlango.
Wakija kupaka rangi, waambie waanze na ukuta.