Siku Tisa Ng'ambo ya Hallam

Jedwali la maji liko mezani,
limebanwa na chupa ya siki lisipeperushwe na feni.
Joto la Oktoba limekaa juu ya paa la Darwin
kama mgeni asiyejua kuaga.
Noelene anasoma namba, mimi naandika
nyuma ya risiti ya dizeli:
matairi mawili ya akiba, koleo, pampu ya upepo,
vibao vya kukwamulia gari matopeni,
kamba ya kuvutia, ile nene.
"Na chumvi," anasema. "Mwaka ule tulisahau chumvi."

Mwaka ule.
Hatujaupa jina jingine.

Tatizo ni hili, na halina mjanja:
gari linataka bamvua, samaki anataka maji mafu.
Siku za bamvua mto Hallam unapwa
hata mawe ya kivuko yanatoa migongo,
unapita kwa gia ya chini, matairi yanalowa tu,
lakini maji yakigeuka yanarudi mbio, mazito,
rangi ya chai ya maziwa,
na baramundi haoni chambo mbele ya pua yake.
Ngoja maji mafu, basi: mto unatulia, unang'aa,
samaki wanapanga foleni kwenye midomo ya vijito,
ila pale kivukoni maji hayashuki chini ya kiuno,
na kiuno hicho si wewe peke yako unayekipima.
Mamba naye ana futi yake.

Kwa hiyo tutavuka mkiani mwa bamvua,
Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi,
dakika ishirini kabla, ishirini baada,
kisha mlango unafungwa nyuma yetu
mpaka bamvua lijalo lianze kuuchungulia.
Noelene anahesabu kwa vidole, anarudia.
Siku tisa.

Tunampigia Dulcie kuomba kibali;
nchi ile ni ya ukoo wa mama yake.
Anauliza watu wangapi, magari mangapi.
Malipo ni yale yale, vichwa vya samaki:
"Minofu kuleni nyie mnaoogopa miiba."
Halafu, kabla hajakata:
"Lile gari jeupe bado limo mtoni kwangu.
Siku hizi wanaliendesha kambare.
Mwenyewe anakuja lini kulisalimia?"

Noelene ananitazama. Clem ni kaka yake.

Saa ilikuwa mkononi mwangu mimi.
Clem alisimamisha gari ukingoni, akasema tumechelewa,
tazama povu linavyopanda.
Nikasema bado. Ingia.
Gari lake, na mkopo wake haujafika nusu.
Lililala ubavu polepole, kama ng'ombe anayechoka,
redio ikitangaza matokeo ya kriketi
mpaka maji yalipoipata betri.
Sisi wawili juu ya jiwe, bila viatu, hatusemi.
Na mji mzima nimeusimulia, miaka minne sasa,
baa, sokoni, hata kwenye mazishi ya baba yake,
kwamba Clem alikanyaga klachi katikati ya mto.

Siku tisa ni nyingi.
Huko hakuna simu inayoshika,
hakuna mlango wa kuubamiza,
hema moja, friji moja, moto mmoja,
na mtu akikasirika anaweza kutembea
hatua kama hamsini hivi,
kisha anakuta maji.

Nimeandika jina lake kwenye risiti,
kati ya kamba na chumvi.
Noelene hakusema neno. Akachukua kalamu,
mayai ishirini na manne
akayafanya thelathini na sita.

Sasa feni inazunguka, jedwali linatikisika pembe moja,
namba ya Clem ninayo kichwani, haikuwahi kutoka.
Kutoka jikoni Noelene anauliza
kama nimeshampigia.

Ulimi unaelekea kusema bado.