Karani wa Mizani

Mizani ya chama chetu Kitangari ina kutu mguuni,
ila haijui jina la mtu.
Gunia la Bi Somoe Nantambwe lilipopanda
ilisema themanini na moja, ikanyamaza.
Nikaandika.

Kisha nikaanza kukata:
halmashauri, chama kikuu, ghala, usafiri,
gunia lenyewe, na uzi wa kulishonea.
Hasomi, lakini anahesabu kwa vidole,
na vidole vilimwishia kabla ya makato.
"Chitanda, hii ya mwisho ni ya nini?"
Ya serikali, mama. Nchi ina deni.
"Mie nilikopa lini?"

Foleni ikaangua kicheko. Mimi sikucheka.
Redio ilikuwa imesema jana yake
deni likigawanywa kwa vichwa
hata kichanga cha zahanati kina fungu,
kitovu hakijadondoka.

Silaani deni. Taa ya zahanati ni deni hilohilo,
na Somoe, aliyejifungulia gizani mara tano,
anaijua thamani ya swichi kuliko mimi.

Ila wiki iliyopita nilipeleka vitabu Mtwara mjini,
nikakaa ofisini kwa Bwana Kalembo saa nzima
nikimsikiliza mhasibu wake akimpunguza.
Magari manne yalikuwa hasara.
Nyumba ya Shangani ni ya mke,
mke ni mwajiriwa wa kampuni,
na kampuni ilizaliwa kisiwa fulani
ambacho ramani ya shule yetu haikukichora.
Hadi chai inafika, yule bwana alikuwa maskini kuliko mimi.
"Wakinibana," akasema akikoroga, "nahama."

Mikorosho haina magurudumu.

Nilimsimulia Somoe. Sijui kwa nini; pengine nilitaka akasirike.
Alikunja stakabadhi, akaifunga kwenye pindo la kanga,
mafundo mawili, taratibu:
"Kwenye msiba sote twachanga.
Lakini mwenye mashine ya kusaga
akija na kibaba kimoja, kama mie,
hatumfukuzi.
Tunalitaja jina lake kwa sauti,
na kibaba chake, matanga yote yasikie."

Leo amekuja mtu wa vipimo na mawe yake ya chuma,
akapima, akagonga muhuri: mizani ni sahihi.
Ni kweli. Kilo kwetu ni kilo.
Nikamwuliza, wakati anafunga mkoba,
kama na Shangani atapita.

Akacheka. Huko, alisema, hakuna mizani.