Dodoso

Wamekuja na karatasi kutoka mjini,
kurasa nne, kalamu ya bure, soda baadaye.
Weka alama ya vema panapostahili:
Ndiyo. Hapana. Sijui.

Nje, Makete imejifunika ukungu hadi masikioni.
Sista Anyesi Luvanda anajaza mbiombio,
kitanda cha nne kina kidonda kinamngoja.
Mimi nimekwama swali la sita:

“Mofini humfupishia mgonjwa maisha.”

Jibu ninalo. Tulifundwa wiki nzima Njombe,
nikaandika kwa wino mwekundu: kila baada ya saa nne,
si mpaka aombe, si mpaka alie.
Hapana. Kalamu imeshafika mlangoni pa kisanduku,
naye anaingia, Ezelina Chaula,
na kanga yake iliyopauka kama pareto kavu,
anakaa juu ya karatasi yangu.

Juni ile majani yalivunjika kwa barafu.
Saratani ya mlango wa kizazi ilishamla hadi sauti.
Chupa ilikuwepo. Nasema kwa kuwa hakuna aliyeniuliza:
chupa ilikuwepo, kabatini, kufuli mbili,
ufunguo mmoja wangu, mmoja wa daktari Obadia.
Obadia akasema, ataizoea.

Ataizoea!
Mtu aliyebakiza siku kumi na moja.
Nami nikaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa,
nikampa panadoli mbili
na neno letu lile, lililopigwa pasi kama shuka:
vumilia, mama.

(Mbona hakuna swali juu ya neno hilo?)

Tulilelewa hivyo, mgonjwa haulizwi uji.
Hukorogewa, hunyweshwa, hufutwa kidevu.
Basi hatukumuuliza uji, wala maumivu,
wala kama anajua.
Mwanawe alitukamata koridoni: msimwambie.
Tukashukuru kukatazwa.

Usiku wa tisa alinishika aproni.
Hakuomba dawa.
“Viazi vimechimbwa?”
Sijui, mama.
“Basi niambie unachokijua.”

Nikamwambia. Kwa Kikinga,
maana Kiswahili changu kilikuwa kimevaa koti jeupe.
Alinyamaza kitambo, akapangusa pua.
“Nilidhani ninyi hamjui,” akasema.
“Nilikuwa nawaficha.”

Nikaenda kumgongea Obadia.
Alitoka na blanketi begani, akanitazama,
akavua ufunguo shingoni bila neno.
Mililita tano. Chungu, akakunja uso.
Alfajiri alikuwa akikoroma,
mkoromo wa kawaida tu, wa mtu aliyetoka kulima,
na mimi nimesimama mlangoni
nausikiliza kama taarifa ya habari.

Siku ya pili yake, jioni, akaenda.

Kijijini wakasema: ni ile dawa.
Mchana najua kuwa ni saratani.
Mchana naweza kufundisha darasa zima.
Usiku, zamu yangu, nahesabu zile mililita tano
kisha nahesabu zile siku nane, kavu,
na hesabu ya pili ndiyo inayoninyima usingizi.

Kule Njombe waliita tiba shufaa.
Mimi Mlutheri wa Bulongwa, neno sikulijua,
nikamuuliza Zubeda wa Kondoa tuliyekaa dawati moja.
“Shufaa,” akasema, akimenya chungwa,
“ni kusimama mbele ya mkubwa
kwa ajili ya asiyeweza kusimama.”
Nikaangalia mikono yangu.
Mkubwa alikuwa nani? Kifo nilimsingizia miaka mingi.
Mkubwa alikuwa kabati.
Na nusu ya kabati nilikuwa mimi.

“Sista, tayari?” Kijana anakusanya.
Anyesi keshachukua Fanta yake, keshaondoka nayo wodini.
Naweka vema kwenye Hapana. Mkono hautetemeki.
Halafu pembeni, pasipo na kisanduku,
naandika, na sijui mjini wataijumlisha vipi:

viazi vilichimbwa vyote, gunia kumi na tatu,
kabla barafu haijashuka.
Nilipanda hadi kwao kuuliza.
Nilichelewa.