Mistari Miwili ya Fomu

Fomu ilikuwa na maswali tisa.
Jina: Ndahani Malugu. Umri: ishirini na tatu.
Kazi: niliandika fundi simu, nikafuta, nikaandika tena.
Kibanda changu kipo Nkuhungu, ubavuni mwa mashine ya kukoboa,
pumba huingia hadi kwenye spika za watu.
Kundi la damu sikulijua. Nikapiga kistari.
Swali la nane: Kwa nini unataka kujiunga na skauti?
Waliacha mistari miwili.

Ningeanzia wapi?
Usiku ule wa Julai, upepo unachuna masikio,
lori la alizeti limelala ubavu pale Nala
na watu tumejaa kama tuliopewa kadi za harusi.
Wenye kubeba magunia walibeba.
Mimi sikubeba, naomba hilo lijulikane:
mimi nilikuwa nimeinua simu, narekodi.
Utingo alikuwa chini, paja limefunguka,
anauliza saa ngapi, anauliza tena saa ngapi,
kana kwamba ana basi la kuwahi.
Akapita binti mmoja katikati yetu kwa viwiko,
akavua skafu shingoni, akaikunja,
akaizungusha juu ya jeraha, akaikaza kwa kijiti.
Hakumtukana mtu.
Alinitazama mimi tu:
"Wewe mwenye simu, nimulikie."

Nikamulika.
Mwanga ulitetemeka juu ya damu na mbegu.
"Tulia," akasema,
na hadi leo sijui alimwambia nani kati yetu wawili.

Nilipowapata, Jumamosi, kwenye uwanja wa shule kule Chang'ombe,
watoto wa skafu ndogo walinizunguka:
"Mjomba, umemfuata nani?"
Binti mwenyewe hayupo. Kaenda Songea, wanasema, kusomea uuguzi.
Ningeweza kugeuza.
Lakini rova mmoja, Lechipya, miaka kumi na tisa,
alishanipa mkono: wa kushoto,
mkono niliochapwa utotoni kwa kuupokelea karanga.
Nikaushika.

Mama alisema, "Wenzio wanahesabu ng'ombe wa mahari,
wewe unashonesha kaptura!"
Na fundi wa Majengo akaikata fupi.
Magoti yangu hayakuwa yameona jua tangu darasa la saba.

Kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia.
Mimi ninayeunga waya mwembamba kuliko unywele
nilishindwa na kamba ya katani mara kumi na moja.
"Linateleza," Lechipya anasema, bila kucheka. "Fungua. Anza."

Kambi ya kwanza tulilala kando ya korongo upande wa Mvumi,
mto wa mchanga mtupu.
Tukachimba kwa sufuria na mikono,
magotini, kiunoni, hakuna kitu,
mtu mmoja keshaanza kutaja soda,
ndipo chini pakalowa,
maji yakaja polepole, rangi ya chai ya maziwa,
kama mtu anayefikiri kabla hajajibu.
Tukapikia ugali wa uwele. Mchanga ulisikika menoni.

Siku ya ahadi, vidole vitatu juu,
nilifika kwenye neno heshima, sauti ikakatika.
Walidhani ni vumbi.
Dodoma vumbi linafaa kusingiziwa mambo mengi.

Utingo? Nimeuliza mara mbili pale Nala.
Alipakiwa kwenye gari, wanasema, basi.
Video niliifuta usiku uleule kabla sijafika nyumbani.
Hilo nalo silitaji kama sifa.

Fomu bado ipo kwenye faili la kikosi, kona moja imeliwa na mchwa.
Swali la nane, mwandiko wa mtu aliyeegemea goti:
Simu yangu ina tochi nzuri.
Nataka kujua mkono wa pili unafanya nini
wakati wa kwanza unamulika.
Maneno yalizidi mistari.
Nikamalizia kwa kupandisha pembeni.