Betri Moja

Jumapili, Isevya, nyuma ya gereji ya Kapaya:
magari manne, betri moja.
Nasema mapema, asije mtu akatuita matajiri.

La kwanza ni Pijo ya Nyanzobe, muuguzi wa zamu za usiku,
aliyoachiwa na babake pamoja na deni la matairi.
Mlango wa kushoto hufunguka kwa kubembelezwa;
ukiuvuta kwa hasira, unakunyima.
La pili, Landrova ya Mihayo:
haina kioo, ina heshima.
La tatu langu, lenye mgongo wa kobe,
rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Gasketi ya kabureta niliikata kwenye boksi
la viatu vya shule vya binti yangu;
ukiifungua, bado inasomeka: thelathini na nne.

La nne halina kiwanda. Kiwanda ni Shija.
Injini ya Datsuni, usukani wa trekta,
viti vya behewa la daraja la tatu,
boneti aliikunja mwenyewe
kutoka tangi la maji lililotoboka.
Muulize ni gari la mwaka gani.
"Bado," anasema, "halijazaliwa lote."
Tunaliita Kachumbari, naye hucheka nasi.
Mgeni akilicheka, tunanuna wote.

Betri tuliichangia.
Mihayo alilipa kwa asali, debe moja,
mwenye duka akaionja mara tatu kabla ya kukubali.
Tangu hapo inalala kwa zamu, wiki kwa kila nyumba,
na mke wa Kapaya anaapa
yeye hajawahi kufutwa vumbi hivyo.

Utaratibu ni huu.
Washa Pijo. Ikishika, legeza, chomoa, kimbia,
funga kwenye Landrova. Washa. Chomoa. Kimbia.
Spana namba kumi mfukoni mwa shati
kama kalamu ya karani.
Na yote manne yakishanguruma
tunaambiana neno moja, ndiyo dua ya safari:
"Asizime mtu!"

Leo tulikuwa tunakwenda Igombe, bwawani.
Nasema tulikuwa.
Kwenye kivuko cha reli, mlingoti ukashuka:
treni ya Mwanza, iliyochelewa saa saba nzima,
ikachagua dakika ile.
Kachumbari ikakohoa.
Ikakohoa tena, kistaarabu,
ikanyamaza.

Nikashusha betri kwangu, nikaipeleka mbio.
Ikatoa mlio mmoja,
kama mtoto anayekataa uji.
Basi tukasukuma. Mihayo na suruali ya kanisani,
Nyanzobe na usingizi wa zamu machoni,
Kapaya akihesabu moja, mbili, bila kufika tatu.
Nyuma yetu magari matatu yakinguruma yenyewe,
kila moja na jiwe juu ya pedeli ya mafuta.

Dirishani mwa treni mtu akapaza sauti:
"Uzeni vyuma chakavu!"
Nyanzobe hakugeuka hata shingo.
"Wewe ulitakiwa kupita hapa alfajiri," akajibu.
"Chakavu nani?"
Behewa zima likacheka. Na sisi, mikono ikateleza,
Kachumbari ikarudi nyuma hatua kumi.

Igombe hatukufika.
Tulikula michembe na karanga pale pale relini,
tukipiga kelele ili kusikiana juu ya injini,
tukiunguza mafuta ya mwezi mzima
kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzima.
Shija alilala chini ya gari lake, miguu nje,
akisimulia jambo ambalo hatukulisikia.
Tulicheka alipocheka.

Jioni, gerejini, tunazima mmoja mmoja.
Nyanzobe huwa wa mwisho.
Hukaa kidogo, mikono usukanini.
Hatumuulizi. Mihayo hutafuta spana ambayo haijapotea.

Wiki hii betri inalala kwangu.
Nimeifunika gunia.
Mke wangu amesogeza ndoo.