Hatua za Taisto

Kibanda hiki hakina msumari wa chuma.
Mbao zimeshikana kwa vigingi, bawaba ni shaba, komeo ni mti.
Mlangoni tunavua: funguo, saa, mshipi wenye bizimu,
hata sarafu iliyosahauliwa mfukoni tangu kiangazi.

Kihisi cha zamani kilikuwa na subira ya jiwe.
Kilisikiliza dakika nzima, kikasema neno moja,
nalo limeshachujwa, limepoa, halina mtu ndani.

Haraka haina baraka, walisema wahenga.
Lakini wahenga hawakuamshwa usiku kuulizwa
dhoruba ya jua imeigusa Lapi sekunde ya ngapi,
na njia ipi ya umeme izimwe kwanza.

Nikapewa kazi: kiwe chepesi, na kisikosee.
Mambo mawili yasiyolala kitanda kimoja.
Ukikiharakisha kinapayuka,
ukikituliza kinasinzia.
Masika mawili ya theluji nilioka pete za aloi tanurini,
nikazipoza nyuzi kwa nyuzi kama mtu anayebembeleza homa.
Waya mwembamba kuliko unywele niliuzungusha kwa mkono.
Mzunguko wa mia mbili na kumi na mbili ukakatika.
Nikatukana. Nikaanza moja.

Sasa kinasoma mara mia kwa sekunde,
kinafika pikotesla moja:
sehemu moja katika milioni hamsini
ya nguvu ile igeuzayo dira.

Ndipo kikatokea kichuguu kwenye mstari,
kila siku, saa tisa na dakika tisa alasiri.
Nikashuku kikuza ishara.
Nikashuku trekta la Hannes ng'ambo ya mto.
Nikashuku vifungo vya sidiria yangu, nikavua, nikarudi nikitetemeka:
kichuguu kipo palepale.

Siku ya tano nikachungulia dirishani.

Taisto Kenttälä alisoma sindano humu miaka thelathini na mmoja.
Kisha akateleza barafuni, madaktari wakamshona nyonga kwa chuma,
na kesho yake akarudisha ufunguo bila kuambiwa na mtu.
Sheria anaifuata bado:
sleji yake anaiacha kule barabarani, kwenye mbetula,
kisu kinabaki juu ya sleji,
anakuja kwa miguu hadi uani, anasimama.
Cha mfupani hawezi kukivua.

Miaka saba alikuwa akija.
Kihisi cha zamani kilimmeza ndani ya wastani.

Hiki changu kinamsoma hatua kwa hatua,
wa kulia mzito, wa kushoto unaburura,
na pale anapopumzika mstari unapumua naye.

Ofisi ya Helsinki ikaandika: safisha.
Si kazi kubwa, mistari sita ya programu.
Ulimwengu unapelekewa namba safi,
mimi nabaki na makapi, kila siku faili moja, nimeyapa jina lake.

Leo ni nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.
Nimemtolea kahawa kwenye kikombe cha mti, maana chupa ya chai ni ya chuma.
"Ngapi, Oili?"
"Sitini na nane."
Akanyamaza, anapiga hesabu na ukungu wa pumzi yake.
"Jana ulisema sabini."
"Labda leo umesimama mbali kidogo."
Akatazama chini, zilipo nyayo zake,
za jana na za juzi, zimeganda kama kalibu,
na buti zake zimo humohumo.
"Mimi sijasogea," akasema.
"Kaangalie joto la sanduku."

Nikaenda. Nikavua saa, nikavua funguo, nikapiga magoti.
Kipasha joto kilikuwa baridi kama kisima;
waya mmoja umeachia, pengine tangu usiku,
na skrini haikuwa imeniambia lolote.

Nausikia mguu wake ukikanyaga theluji huko nje,
hapohapo, papo kwa papo,
anajipasha joto bila kutoka kwenye nyayo,
anangoja nimwambie.