Kibaba cha Bi Khanu

Fatma Shee kaandika tena kutoka Oslo,
usiku, simu ikitetemeka juu ya kinu:
"Nipe mahamri ya bibi, lakini kwa gramu.
Huku hakuna kibaba."

Nami hapa Langoni nimekwenda kwa Madi Kupi,
nimenunua mizani ya betri,
nyembamba, inang'aa kama sahani ya wageni.
Nimekishusha kibaba kutoka msumarini.

Bati lake limeshika kutu ukingoni.
Kitako kilitoboka mwaka wa mvua nyingi,
fundi akatia kitako cha pili juu ya cha kwanza.
Kwa hiyo kibaba chetu kimepungua unene wa ukucha,
na hakuna jedwali lililoandika hilo.

Haya. Mchele, mfuto: mia tano na sitini.
Sukari: mia tano na arubaini.
Unga wa ngano, nimeumimina kwa pupa: mia nne na kumi.
Nikauchekecha kwanza: mia tatu na hamsini.
Nikakigonga kibaba mara tatu sakafuni,
unga ukajikalia, nikajaza tena:
mia nne na sitini.
Unga ni ule. Bati ni lile. Mizani haijui uongo,
na bado nina majibu matatu kwa swali moja.

Haba na haba hujaza kibaba.
Sawa, lakini haba ngapi, enyi wahenga,
na kibaba cha nini? Cha pamba? Cha chumvi?

Iliki punje nne. Mizani ikasema sifuri.
Nikaongeza ya tano: sifuri.
Nikazitwanga,
na nyumba yote, mpaka ngazini, ikajua kuna iliki.

Nikajaribu kuukumbuka mkono wake.
Kwa wanunuzi alipima mfuto,
akipitisha kijiti cha kuti ukingoni, shwaa,
asizidishe, asipunje.
Lakini Mwana Zena wa nyumba ya nyuma,
mwaka alioachwa na watoto sita,
alipimiwa kilele, mlima uliomomonyokea kangani,
bibi akitazama pembeni kana kwamba hakuona.
Na ya kwetu je? Ya kwetu aliipima vipi?
Nilikuwa mdogo. Nilikuwa naitazama sukari.

Nikamwandikia Fatma: unga mia nne na kumi,
sukari mia moja, hamira kijiko, tui vuguvugu.
Wiki haikwisha, picha ikaja:
mahamri kumi na mawili, bapa, yamekazana
kama vifungo vya koti.
"Mia nne na kumi kamili. Sikuzidisha hata chembe."

"Tui ulitia kiasi gani?"

"Hukuandika."

Kweli, sikuandika. Bibi hakulipima.
Alisema, "Tia hata unga uwate kukushika mkono,"
kisha akakung'uta vidole, akaenda kuswali.

Leo asubuhi nimekipangusa kibaba kwa limau na majivu,
kutu imegoma kutoka.
Nimekiweka juu ya mizani, kitupu:
gramu mia moja tisini na tatu,
pamoja na kitako cha pili.
Nikakizungushia gazeti, nikatia kijiti ndani,
nikaandika jina la Fatma kwa herufi kubwa.
Posta wameniuliza uzito.
Huo naujua.